Kompyuta Imeganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kufunga Programu Isiyoitika

Nina duka la stesheneri Mwenge, Dar es Salaam. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaskani, na kuna kompyuta sita ambazo mteja anakaa mwenyewe. Maswali haya huwa naulizwa kwa kuitwa kutoka upande wa pili wa chumba, mara nyingi na mtu ambaye keshabonyeza kila kitu kinachobonyezeka. Sehemu kubwa ni ya Windows kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mashine nyingi zinazopita mikononi mwangu. Wenye Mac na Linux wamo chini.

Sina muda. Nibonyeze nini?

Ctrl, Shift na Esc, vyote vitatu kwa pamoja. Task Manager, orodha ya Windows ya programu zinazoendelea, inafunguka bila kupita kwenye menyu yoyote. Bofya jina la programu iliyoganda, kisha bofya End task. Ukiwa kwenye Windows 10 na kikafunguka kidirisha kidogo chenye majina tu, hicho kinatosha kwa kazi hii. Ukitaka kuona zaidi, bofya More details chini kushoto.

Hayo ni ya mtu ambaye hana cha kupoteza. Kama una kazi hujaisevu, toa mkono kwenye mausi kwanza, usome maswali matatu yanayofuata.

Imeandika "Not Responding". Si ndiyo imekufa?

Hapana, na hapa ndipo kazi za watu wengi hupotea bure. Kila programu yenye dirisha hupokea ujumbe kutoka kwa Windows: mausi imebofya hapa, herufi fulani imebonyezwa, jichore upya. Ikipita sekunde 5 haijachukua ujumbe wowote, Windows huihesabu kuwa haiitiki, hupausha dirisha lake na kuandika maneno hayo juu. Maana yake ni kwamba imeitwa haijaitika, basi. Huenda imekufa, na huenda imeinamia kazi nzito na haina nafasi ya kukujibu.

Kuzitofautisha, fungua Task Manager uangalie mstari wake kwa nusu dakika. Namba za CPU (kichakataji) au Disk (diski) zikiwa zinapanda na kushuka, iko hai na inafanya jambo. Excel yenye fomula zilizovutwa safu nzima, kuanzia mstari wa kwanza hadi ule wa 1,048,576, inaweza kupauka dakika tatu nzima halafu ikarudi kama si yenyewe. Chini ya dirisha lake huwa inaandika asilimia ya hesabu ilikofika. Ukiiona inasogea, kanywe maji. Ukiona mstari umelala kwenye sifuri, CPU sifuri, Disk sifuri, basi kuna kitu inakisubiri, nacho hakiji.

Tena usiendelee kubofya. Kila unachobofya kinapanga foleni, na programu ikizinduka itavitekeleza vyote kwa mpigo. Nimeshaona mtu akifunga faili lake mwenyewe bila kusevu kwa mibofyo ya dakika mbili zilizopita.

Haijaganda kwa uzito wa kazi, inakataa tu kubofyeka. Kila nikibofya inalia "ding".

Huo mlio ni wa heri. Mahali fulani kuna kidirisha kimefunguka kinasubiri jibu lako, na programu haitakusikiliza mpaka ukijibu. Kimejificha nyuma ya dirisha kubwa, au kiko kwenye skrini ambayo haipo tena. Mwalimu aliyetoka kufundisha kwa projekta halafu akachomoa waya hukutana na hili sana. Bonyeza Esc mara moja. Ikishindikana, tembea kwenye madirisha kwa Alt na Tab. Bado? Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague PC screen only; mambo yote yaliyokuwa yamebaki kwenye skrini ya pili yatarudi kwako. Hakuna haja ya kuua kitu.

Kazi sijasevu na programu imelala kabisa. Kuna namna ya kuiokoa?

Ipo, na ndiyo iliyonifanya niandike ukurasa huu, maana wengi hawaijui hata kati yetu mafundi.

Dada mmoja alikuja na risechi yake, kurasa 84, siku ya kukabidhi ikiwa kesho yake. Akarekebisha marejeo karibu saa nzima, akabofya kuprinti, Word ikapauka. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye End task. Nikamwambia, dada, subiri kwanza.

Tulienda kwenye Task Manager, sehemu ya Details, tukaitafuta WINWORD.EXE, tukaibofya kwa kitufe cha kulia, tukachagua Analyze wait chain. Kinafunguka kidirisha kinachoonyesha kama ukoo: programu juu, na chini yake ile inayosubiriwa. Chini ya Word palikuwa na splwow64.exe. Huyo ni mbebaji anayepeleka kazi za kuprinti kutoka kwenye programu za biti 32 hadi kwenye Windows ya biti 64. Alikuwa anaitafuta printa ya mtandao ambayo asubuhi ile tuliihamisha chumba cha nyuma, na waya wake ulikuwa bado uko juu ya meza. Word ikimsubiri mbebaji, mbebaji akisubiri printa, na printa haina hata waya.

Tukaweka tiki kwenye splwow64.exe peke yake, tukabofya End process. Sekunde chache, Word ikarudisha rangi. Akasevu kabla hajavuta pumzi.

Kwa hiyo kabla ya kuiua programu yenye kazi yako, tazama inamsubiri nani, umuue huyo. Si mara zote kuna mtu wa kumlaumu. Wakati mwingine kidirisha hicho kinasema programu inaenda kawaida, au inajisubiri yenyewe. Hapo huna budi. Ila kama kioo bado kinaonyesha ukurasa wako, upige picha kwa simu kwanza. Aya uliyoipiga picha utaichapa tena kwa dakika tano. Ile uliyoisahau utaitafuta usiku kucha.

Alama ya X, Alt na F4, na End task: si vyote vinafunga?

Vinafunga, ila havina adabu sawa. Alama ya X na Alt+F4 vinabisha hodi: "tafadhali jifunge". Programu yenye uhai itakuuliza kama unataka kusevu. Iliyoganda haisikii hodi, ndiyo maana baada ya muda Windows yenyewe inakuja kukuuliza kama uendelee kusubiri au uifunge. End task haibishi hodi, inavunja mlango. Usitegemee ikuulize lolote.

Na kumbuka: madirisha manne ya Excel kwa kawaida ni Excel moja. Ukiivunja kwa ajili ya faili moja, mengine matatu yanakwenda nayo. Kama unajua unafungua faili zito, shikilia Alt wakati unabofya alama ya Excel, endelea kuishikilia mpaka ikuulize kama unataka kuanzisha Excel nyingine. Kubali, na faili zito ulifungulie humo. Likiganda, linaganda na Excel yake.

Mausi imegoma. Naweza kufanya yote kwa kibodi?

Ctrl+Shift+Esc, mishale ya juu na chini hadi kwenye jina, kisha Alt+E. Kama mishale haisogezi kitu, bonyeza Tab mpaka uone jina moja kwenye orodha limezungushiwa.

Kabla ya hapo, jaribu Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine bado inasikia na kuna matumaini. Taa isipobadilika kabisa, si programu iliyoganda bali kompyuta nzima. Ruka hadi swali la kuzima kwa kitufe.

Gemu limejaza skrini nzima, Task Manager inafunguka nyuma yake siioni.

Bonyeza Windows+Ctrl+D. Hiyo inakufungulia eneo jipya tupu la kazi, gemu linabaki kule kwingine. Fungua Task Manager hapo, ulimalize. Watoto wa likizo wananijua kwa hili tu. Kama skrini imekuwa nyeusi au imechanganya rangi huku sauti inaendelea, jaribu kwanza Windows+Ctrl+Shift+B: inaanzisha upya kiendeshi cha picha, skrini inapepesa mara moja, na mara nyingine gemu linarudi.

Nataka kitufe kimoja kinachoua kila kilichoganda. Kipo?

Unaweza kukitengeneza. Bofya kwa kitufe cha kulia mahali patupu kwenye skrini, chagua New, kisha Shortcut, na kwenye kisanduku andika hivi:

taskkill /f /fi "status eq not responding"

Kipe jina, tuseme "Ua walioganda". Halafu kwenye Properties zake, kisanduku cha Shortcut key, kipe herufi unayotaka, kitakuwa Ctrl+Alt na herufi hiyo. Ukibonyeza, kila programu ambayo Windows inaona haiitiki inafungwa papo hapo.

Mimi nimekiweka kwenye mashine za wateja wa intaneti, wanaofungua barua pepe na fomu. Kwenye mashine ya kuchapia sijakiweka na sitakiweka. Hakijui tofauti ya iliyokufa na ile Excel inayohesabu, kinafyeka zote. Ukijua jina la mhusika, mtaje mwenyewe: taskkill /f /im excel.exe. Ukiondoa ile /f, amri inabisha hodi badala ya kuvunja.

Wenye Windows 11 iliyosasishwa wana njia laini zaidi: andika "End task" kwenye kisanduku cha kutafutia ndani ya Settings, uwashe swichi yake. Kuanzia hapo, ukibofya kwa kitufe cha kulia alama ya programu kwenye upau wa chini, End task inakuwa mle mle.

Ctrl+Alt+Del ya zamani bado inafaa?

Inafaa sana pale Ctrl+Shift+Esc inapogoma, kwa sababu vitufe hivi vitatu vinashikwa na Windows yenyewe kabla programu yoyote haijavigusa. Inakuja skrini nzima yenye orodha fupi, na Task Manager imo. Pembeni chini kuna alama ya kuzima, ya kuzimia kwa ustaarabu.

Aliyevipanga ni David Bradley, mhandisi wa IBM, walipokuwa wanaitengeneza IBM PC ya 1981. Wakati huo vilikuwa vinaiwasha mashine upya mara moja, bila kuuliza. Mwanzoni alitumia Esc badala ya Del, akaona mkono wa kushoto unaweza kuvigonga vyote kwa bahati mbaya, akapeleka kitufe cha tatu mbali ili uhitaji mikono miwili. Baadaye akawa anatania kwamba yeye aliibuni tu, aliyeipa umaarufu ni Bill Gates.

Nimeiua mara tatu, bado ipo kwenye orodha. Ina roho ngapi?

Kuna sababu mbili. Ya kwanza, huna mamlaka: programu iliwashwa na msimamizi, nawe ni mtumiaji wa kawaida, ndiyo maana inakujibu "Access is denied". Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri kama taskkill, kwa Run as administrator, uiue kutoka hapo.

Ya pili inasumbua zaidi. Programu imeomba kitu kwenye kifaa, tuseme faili kwenye flashi, na ombi liko mikononi mwa moyo wa Windows. Mpaka kifaa kijibu, au Windows ichoke kusubiri, programu haiwezi kuondoka hata ikihukumiwa. Flashi ikiwa mbovu, jibu halifiki. Ichomoe. Ndiyo, naijua ile nasaha ya kutochomoa flashi kienyeji, lakini hapa flashi ndiyo iliyoshika mlango. Mara nyingi ukiichomoa, programu tatu zilizoganda zinafunguka kwa pamoja, na File Explorer ya nne.

Kivinjari kimeganda na nina kurasa 30 wazi.

Usikiue chote. Kwenye Chrome bonyeza Shift+Esc: ina Task Manager yake ya ndani inayoonyesha kila ukurasa na kumbukumbu unayokula. Ua huo mmoja. Firefox nayo inaonyesha yake ukiandika about:processes mahali pa anwani. Na kama umeshakiua chote, kifungue tena kisha Ctrl+Shift+T, kurasa hurudi. Ulichokuwa unajaza kwenye fomu, hicho usikitegemee.

Upau wa chini umepotea, alama zote za kwenye skrini zimetoweka!

Umeua explorer.exe, programu inayochora upau huo na alama hizo, au imejifia. Hakuna kilichopotea. Ctrl+Shift+Esc, Run new task, andika explorer, Enter. Kama ipo lakini imeganda, ibofye kwenye orodha: kitufe kinageuka kuwa Restart.

Ni zipi nisiziguse?

csrss.exe, wininit.exe, winlogon.exe, lsass.exe, na ile iliyoandikwa System. Ukifanikiwa kuiua csrss utaona skrini ya bluu. Kama hujui jina ni la nini na halina dirisha, si lako.

Hakuna kinachoitika, hata taa ya Caps Lock. Nizime kwa kitufe?

Hapo ndiyo. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie. Kwa kawaida sekunde 4 zinatosha. Kuna laptopu zinazotaka 10 au zaidi, kwa hiyo usiachie mpaka feni inyamaze. Hesabu kumi nyingine, ndipo uwashe. Kwa deskitopu watu hukimbilia kuchomoa waya ukutani; kitufe ni bora, angalau hakitikisi soketi yenye kompyuta nyingine tatu.

Windows itakuwa salama mara nyingi, maana diski zake huweka kumbukumbu ya mabadiliko na kujinyoosha zikiwashwa. Kinachoumia ni lile faili lililokuwa linaandikwa sekunde ile. Wakati mmoja tu usizime hata ukichoka kusubiri: skrini ikisema inasasisha na imekuomba usiizime.

Natumia Mac.

Command+Option+Esc, chagua jina, Force Quit. Au shikilia Option huku umebofya kwa kitufe cha kulia alama yake kwenye Dock. Quit inageuka Force Quit. Ukitaka kuona nani anakula kumbukumbu, Activity Monitor ndiyo Task Manager yao.

Na Linux?

Ubuntu mara nyingi inakuletea yenyewe kidirisha cha kuuliza usubiri au ulazimishe. Kwenye mifumo ya X, mtindo wa zamani wa kuchora madirisha, andika xkill, kishale kinabadilika, ubofye dirisha usilolitaka. Kwenye Wayland, mtindo mpya, ujanja huo haugusi madirisha yasiyo ya X. Kwa amri, anza na kill na namba ya mchakato, inayoomba kwa heshima, ndipo uende kill -9. Kama skrini nzima imelala, Ctrl+Alt+F3 itakupa ukurasa mweusi wa kuingia. Fanyia mauaji humo. Mchakato wenye herufi D kwenye hali yake hausikii hata -9. Ni kisa kile kile cha flashi, unasubiri kifaa.

Mwisho wa yote ni Alt+SysRq, kitufe ambacho mara nyingi kimechangia nafasi na Print Screen: ukiwa umevishikilia, bonyeza S, kisha U, kisha B, ukitulia sekunde mbili tatu kati yake. Inamwaga data kwenye diski, inazifunga diski zisiandikwe, inawasha upya.

Nimeshaiua. Kazi yangu itarudi?

Fungua Word au Excel upya na usifunge chochote kinachojitokeza kushoto. Ile safu ya Document Recovery ndiyo pona yako, na wengi huifunga wakidhani ni tangazo. Isipotokea, nenda File, Info, kwenye kitufe cha Manage Document, au Manage Workbook kwa Excel, uchague kurejesha yasiyosevuwa. Programu hizi hujiwekea nakala kila dakika 10 usipozibadilisha. Zibadilishe: File, Options, Save, uandike 2.

Notepad ya zamani haina huruma hiyo.

Kwa nini yangu inaganda kila siku?

Acha Task Manager wazi siku moja, sehemu ya Performance. Memory ikikaa juu ya asilimia 90, una RAM ndogo kwa kazi zako. GB 4 na Chrome haviishi nyumba moja. Disk ikikaa 100 huku hufanyi kitu, na ndani kuna diski ya kuzunguka, badilisha uweke SSD, diski isiyozunguka. Hakuna matengenezo mengine ninayoyafanya ambayo mteja anarudi kunishukuru kwayo. Ikiganda baada ya nusu saa tu na feni inapiga kelele, ifungue upulize vumbi. Ukitaka kujua ilianza lini, bonyeza Windows+R na uandike perfmon /rel: utaona kalenda yenye alama nyekundu siku kila programu ilipoanguka. Mteja mmoja alikuta nyekundu zote zimeanza siku aliyoweka antivairasi ya pili juu ya ile ya kwanza. Akaitoa, nyekundu zikakoma.

Nafungua faili, linasema limefungwa na mtu mwingine, na jina la huyo mtu ni langu!

Ni wewe wa dakika kumi zilizopita. Dirisha lilifungwa lakini programu imebaki nyuma bila sura. Nenda Details, tafuta WINWORD.EXE au EXCEL.EXE isiyo na dirisha, iue. Likikataa bado, fungua folda la faili hilo, washa kuonyesha vilivyofichwa, utaona kifaili kidogo chenye jina linaloanza na ~$ kikifuatiwa na jina la faili lako au sehemu yake. Hakikisha kweli hakuna mwenzako aliyelifungua kwenye mashine nyingine, kisha ukifute, ulifungue lako.